Muulize Shangazi wa Kaengesa: Tuzo Zimewavuruga

*Shangazi, Juni 2021 niliweka gunia la mahindi kwamba Diamond Platnumz atambwaga Burna Boy kwenye tuzo za BET. Nikakesha kibanda umiza hadi saa tisa usiku, nimejifunika blanketi, bando lote nimelimalizia kumpigia debe. Burna Boy kabeba. Mpaka leo shemeji ananidai. Naweza kusema tulirogwa?*
*Mkeshaji*

Yule Mnigeria alikuwa keshabeba tuzo hiyohiyo 2019 na 2020. Anayeweka gunia dhidi ya mtu wa namna hiyo hajarogwa, kajiroga. Tena mshindi wa kipengele walichoshindania huchaguliwa na jopo la BET, si kwa kura za mashabiki. Waliopiga kelele mtandaoni kutaka Diamond aenguliwe kwenye kinyang'anyiro hicho na nyie mliomtetea, wote mlichoma bando bure. Na habari za kurogwa usizitaje kabisa: ukisema tu umetoka huku kwetu Sumbawanga, huko Dar watu wanasogeza kiti mbali nawe wakidhani u mchawi. Lipa gunia. Ila liwe limeshonwa mdomo. Shemeji akidai lumbesa, mwambie mkataba haukuwa na kilemba.

*Shangazi, mimi Timu Diamond, mke wangu Timu Kiba. Nikimsema Alikiba, kesho yake mgebuka wote anakula yeye na watoto, mimi napewa mchuzi. Tusubiri tuzo zituamue?*
*Mla Mchuzi*

Utakonda, mwanangu. Mei 2014 Diamond alitoka Mlimani City na Tuzo za Kili 7, ukatamba wewe. Mwaka 2015 Alikiba akang'ara, akatamba mama watoto. Baada ya hapo tuzo zikalala, hazikuamka hadi Aprili 2022 zilipoandaliwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Ungesubiri hukumu ya Dar, ungelamba mchuzi karibu miaka 7. Hao wawili wana mashabiki nchi nzima. Wewe jikoni kwako huna hata mjumbe mmoja. Kaa kimya mpaka sahani ifike mezani, kisha endelea na Diamond wako.

*Shangazi, tumeona kwenye tuzo msanii anarukaruka, maiki iko kiunoni, na sauti inaendelea vilevile. Kwaya yetu nayo tukaweka wimbo kwenye fulashi, tukavaa miwani myeusi, tukacheza tu. Umeme ukakatika katikati ya ubeti. Waumini wamecheka, paroko hajacheka.*
*Teno wa Pili*

Msanii anaweza kujitetea: anacheza, anapanda ngazi, pumzi zinamwishia, na mafundi mitambo wana dakika chache za kubadilisha jukwaa. Nyie mlisimama mahali pamoja, Jumapili asubuhi, mkiwa mmetoka kunywa chai. Hata hivyo, mtazamaji anajua: maiki ya kweli hunasa pumzi ya mwimbaji, na mwimbaji mwenyewe mara mojamoja hukosea. Watu hulipa kiingilio kwa ajili ya hilo. Nendeni mkamwombe radhi paroko, na msiende na spika.