Kiingilio Bure

Shangazi yangu wa Tottenham alinihakikishia kuwa London ni mji wa bure. "Nenda British Museum, mwanangu, hulipi hata senti." Kweli. Ukishalipia viza na tiketi ya ndege, na ukishamwaga taarifa zako za benki mezani, vilivyobaki vyote ni bure.

Mlangoni mabegi hukaguliwa. Mlinzi akaniuliza kwa upole kama nimebeba chochote. Sina, nikamwambia, chetu kimeshatangulia. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni mwaka 1902, ikafika humu 1908. Nikaitafuta ukumbi hadi ukumbi. Kumbe imewekwa stoo. Nikaambulia kukodolea macho paa la ule ua mkubwa: vioo 3,312, na hakuna viwili vinavyolingana. Zuri, sikatai. Halivuji.

Mchana nikapanda treni kwenda Kew, kwenye Nyaraka za Taifa, kumtafuta babu. Huko kalamu ya wino marufuku, ni penseli tu, wageni wasije wakaharibu karatasi. Waangalifu, Waingereza hawa! Mafaili yapatayo 8,800 ya makoloni 37 waliyafungia kwenye jengo la serikali la Hanslope Park, wakaja kuyakiri 2011. Mengine waliyatia kiberiti mapema, kabla bendera haijateremshwa.

Babu sikumwona. Jioni shangazi aliponiuliza habari zake, nikamjibu huenda naye yuko stoo.