Kata Yote, Bosi!

Mwenye gari linalovuja oili hana siri mjini. Akienda msibani anaacha doa, akienda ukweni anaacha doa. Mlinzi wa benki hajui jina lako, lakini alama yako anaijua, na akikuona unakaribia anakuonyesha kwa rungu kule kwenye mchanga, mbali na vigae vya wateja wenye heshima. Gari langu lina namba za usajili za zamani, zinazoanza na A. Siku hizi barabara zetu za Dar es Salaam zimejaa namba E, na kila mwenye E ana nasaha kwa mwenye A.

Nasaha ya kwanza haibadiliki: "Ongeza tu oili, mzee, utembee." Hakuna anayesema tafuta panapovuja. Basi nikaongeza. Ni ile oili nyekundu ya gia boksi ya otomatiki, ambayo ndiyo hiyohiyo inayonywewa na pawa stelingi za magari mengi ya Kijapani ya rika moja na langu. Ikawa inaingia juu, inatokea chini, na katikati pampu ya usukani inalia. Pampu ikipungukiwa oili hufyonza hewa, hewa hugeuza oili povu, na povu halisukumi kitu. Kila nikikata kona, mama muuza vitumbua wa mtaa wa pili anainua kichwa kabla hajaniona.

Nasaha ya pili ilitoka kwa jirani yangu: nitie oili ya breki, maana "zote si oili?" Si zote, jirani. Oili ya breki ina vinasaba vyake na mpira wa pampu hii hauelewani navyo. Unavimba, unalegea, na ulichokuwa unapoteza kwa matone unaanza kukipoteza kwa vikombe. Gari la jirani lina usukani wa mota ya umeme, halina tone la oili huko, ndiyo maana ana ujasiri wa kugawa dawa za wenzake. Mwingine alinishauri dawa ya kopo ya kuzuia kuvuja. Hiyo kazi yake ni kuvimbisha mpira uliochoka ujikaze kidogo, muda wa kutosha muuzaji akusahau.

Mimi nina mtuhumiwa wangu kuhusu nani aliyeiua pampu. Ni vijana wa maegesho wa Kariakoo. Unafika, gari limesimama dede, kijana anapiga boneti kofi na kupaza sauti: "Kata yote, bosi! Kata, kata, kata, kata!" Unakata mpaka usukani unagota, naye anaendelea kudai ukate. Hapo kwenye kugota ndipo pampu inapoteseka. Oili imesukumwa na haina pa kwenda, presha inapanda mpaka vali ya usalama inafunguka, na presha hiyo inaweza kupita bari 70, wakati tairi lako zima linaishi kwa bari mbili na ushee. Oili inachemka, na joto likirudiarudia mpira wa sili unakauka. Kijana anapokea mia tano yake na kwenda kukaanga pampu ya mwingine.

Kulikuwa na njia ya mkato, pampu ya mtumba. Inatoka kwenye gari lililokatwakatwa huko Japani, ina umri uleule wa yangu, na sili yake imekaukia kwenye rafu miaka yote ambayo yangu angalau ilikuwa ikilowa. Kununua pampu ya mtumba ni kununua uvujaji wa mtu mwingine. Waranti yake ni maneno: "Ukifunga ikakataa, irudishe leoleo." Kufunga kwenyewe kunamaliza siku.

Kwa hiyo nikamwambia fundi wa gereji bubu yetu, pale chini ya mwarobaini, kwamba tunaifungua hiihii. Alinitazama kwa huruma, kisha akasema njoo jioni uchukue. Nisimlaumu sana. Mmarekani Francis Davis alishaunda usukani wa kusaidiwa na oili mwaka 1926, na Chrysler wakauweka kwenye Imperial mwaka 1951 ndipo wateja wa magari ya binafsi wakaupata. Robo karne. Jioni ya fundi wangu ilikuwa fupi kuliko hapo, ingawa si kwa mbali.

Sifa yake nampa, pampu anaijua. Alitandika katoni, akakata dumu la maji akalitia petroli, akavua puli, akang'oa saklipi, na matumbo ya pampu yakatoka. Ndani kuna rota yenye mifereji, na kila mfereji umebeba kibati chembamba cha chuma, vyote kumi. Rota ikizunguka, vibati vinarushwa nje vikiambaa na ukuta ambao si duara kamili, na humo oili inabanwa. Kila kibati kina ukingo mmoja ulioviringwa, na huo ndio hutazama ukutani. Kijana wa kusaidia alitaka kuvimwaga vyote kwenye petroli kwa pamoja. Fundi, mtu asiyekumbuka aliniahidi siku gani, alifoka hadi mwarobaini ukadondosha majani, kisha akavipanga kwenye katoni kimoja kimoja, ukingo wa mviringo juu, asichanganye.

Kisha akanionyesha mkosaji. Pete ya mpira, imekakamaa kama ganda la embe lililosahaulika juani. Basi, hiyo tu. Akapitisha ukucha kwenye shafti, mahali mdomo wa sili ulipokuwa ukigusa, ukucha ukakwama kidogo. Akasema sili mpya ataisimamisha milimita moja pembeni ili mdomo ukae pasipolika. Akatikisa shafti kwenye beringi, haikucheza. Ingecheza, hata sili ya dhahabu isingedumu.

Nikatumwa Gerezani. Kwenye uso wa sili kuna namba tatu, kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, kwa milimita. Nilimpa muuzaji namba hizo kwenye karatasi. Akaniuliza gari gani. Nikamwambia. Mwaka gani? Injini gani? Unataka orijino au kopi? Akaingia ndani, akakaa kitambo, akatoka amekumbatia pampu nzima. Nikamwambia kaka, nataka mpira. Akanijibu bila kutabasamu: "Mpira upo, mzee. Upo humu ndani."

Duka la sita au la saba, kwenye kichochoro, mzee mmoja alipima sili yangu kwa vernia, akafukua kopo la maziwa ya unga, akanipa sili na oringi zake kwa bei ya chipsi mayai bila mishikaki. Hapo ndipo nilipokasirika kwelikweli. Mji mzima ulikuwa tayari kuniuzia pampu, oili ya kila wiki na dawa ya kopo, na kilichokufa ni kitu cha bei ya chipsi. Kitu kidogo hakina faida kwa muuzaji, hakina sifa kwa fundi, kwa hiyo kinafichwa nyuma ya kitu kikubwa.

Niliporudi, fundi alikuwa ameshika tyubu ya silikoni. Mafundi wetu wanaiamini silikoni kupita maelezo. Tulivutana. Oringi mpya ipo, silikoni ya nini? Ikimeguka chembe ikaingia kwenye vali, tutakutana tena. Alikubali, lakini kwa uso wa mtu aliyenyang'anywa chumvi akiwa jikoni.

Pampu ikafungwa, gari likapigwa jeki magurudumu ya mbele yakaning'inia, injini imezimwa. Kijana akakaa kwenye usukani, fundi akamimina oili taratibu na kuamrisha: "Kata yote! Rudisha! Kata yote!" Hewa ikatoka kwa mapovu hadi oili ikatulia. Hapo tu ndipo wimbo ule wa Kariakoo una maana, na hapo hakuna anayelipwa mia tano kuuimba.

Injini ikawashwa, kimya, usukani mwepesi unaweza kuugeuza kwa kidole. Nikamlipa. Kabla sijapanda nikainama kuchungulia, nikaona tone jekundu linaning'inia. Nikamwita. Akalala chini, akapapasa, akatoka anafuta mikono na uso umenawiri.

"Hiyo hosi ya presha, mzee. Zamani pampu ilikuwa haina nguvu, hosi ikavumilia. Sasa pampu imepona, hosi imeshindwa. Wewe ulinipa kazi ya pampu, na pampu haivuji."

Nikamuuliza hosi bei gani. Akauliza nataka orijino au kopi.