Kachero wa Kabichi

Mwaka 1969 Morogoro ilikuwa na kila sababu ya kuogopa majasusi. Kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilikutana hapa kujipanga upya dhidi ya Makaburu. Ndiyo enzi ambayo Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikuwa wakiwatoa watu jasho dansini. Wapigania uhuru, gitaa, na Uluguru imejifunika ukungu: mtunzi wa mchezo ataka nini tena?

Basi vijana fulani wa sanaa wakatuandalia “dansi la 1969”. Hakuna jukwaa, ukishaingia ukumbini, wewe mhusika. Mlangoni unapewa kikaratasi chenye siri zako za usiku huo. Changu kilisema mimi ni kachero wa Makaburu. Mimi, ambaye mke wangu anajua mshahara umeingia kabla yangu.

Waliosoma wanasema hii ni sanaa mpya kutoka Ulaya. Labda. Aliyemwona mtani msibani, kavaa kanzu ya marehemu, anaiga kikohozi chake mpaka wafiwa wanacheka huku wanalia, na haondoki bila kupewa chochote, hahitaji kufundishwa kuingia mchezoni. Kazi ni kumtoa.

Mkosi ulianzia kwenye suruali. Mjomba aliniazima yake ya kubana, akaapa kwamba ndiyo iliyokuwa fasheni. Hakudanganya, ila hakunieleza kwamba tangu Januari ya mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa TANU, katika Operesheni Vijana, ulizipiga vita suruali za kubana, vimini na mawigi. Mwigizaji mwenye shati la kijani akanisimamisha mlangoni, akaitumbukiza chupa tupu ya soda kiunoni ishuke mguuni. “Ikitokea chini, unapita.” Ikakwama juu ya goti. Mama mmoja, mgeni tu kama mimi, akaamua kesi: “Msimsumbue mtoto wa watu. Mvueni, yaishe.”

Kisha neno la siri. Mwenzangu angeniuliza, “Mgeta mvua imenyesha?” nami nijibu, “Kabichi ziko tayari.” Sasa jamani! Morogoro, mji unaokula mboga za Mgeta, hilo ni neno la siri au salamu? Mzee mmoja wa baraghashia akaniuliza hivyohivyo. Nikamsogelea, nikashusha sauti:

“Kabichi ziko tayari.”

Akanitazama upya. “Lumbesa au kipimo?”

“Utakavyo wewe, mzee wangu.”

“Lumbesa. Na usinifungie mbovu chini kama yule mwenzako.”

Tukapeana namba za simu. Nilikuwa nimeshaanza kumheshimu kwa uigizaji wake, hadi nilipoambiwa kwamba ana kizimba sokoni na kilichomleta ni pilau.

Nyaraka za siri nazo zilifichwa chini ya sufuria la pilau hiyo. Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba tuliyemsoma tangu *Kufa na Kupona* ya 1974, sidhani kama aliwahi kukabiliana na mpishi mwenye mwiko.

“Wewe baba! Subiri wenzio!”

“Shikamoo mama. Natafuta nyaraka.”

“Finyango siku hizi ndiyo mnaziita nyaraka?”

Ukumbi mzima ukapiga makofi, mwongozaji naye akapiga. Niliporudi nyuma kwa haraka, suruali ya mjomba ikasalimu amri.

Mwisho wageni walitakiwa kuunganisha dalili na kumfichua kachero. Haikuwa lazima. Watoto walioning’inia madirishani walikuwa wameshavisoma vikaratasi vyetu vyote, nao wakapaza sauti: “Kachero huyo hapo, aliyechanika!”

Mchezo ulikuwa mzuri, na kiingilio ningelipa tena. Ila waandaaji, nawaomba: mkirudia, neno la siri lisitoke shambani. Yule mzee bado ananipigia alfajiri, anaulizia mzigo wake.