Mtandao Unaoamka Saa Nne

Juu ya paa langu hapa Kitale kuna antena, kisanduku cheupe kinachotazama mnara, na kila asubuhi ya baridi kilikuwa kikigoma. Mvua hakijali, radi hakijali. Lakini Juni hadi Agosti, usiku ukiwa wa baridi kutoka upande wa Cherangani, taa yake ya kijani ilizimika alfajiri na kurudi saa nne, jua likishapata nguvu. Yaani mtandao wangu uliripoti kazini kama karani wa ofisi ya umma, na mwisho wa mwezi ulitaka malipo kamili.

Shemeji yangu anakaa Bungoma. Ana kisanduku ndugu wa changu, hakijawahi kumsumbua, na habari hiyo hunipa bila kuulizwa. "Mulamwa, nyinyi wa huko juu mnahitaji makoti, si mtandao."

Huduma kwa wateja nayo ni muziki kwanza, kisha binti mpole anayeniomba nizime, ningoje, niwashe. Nimezima na kuwasha hadi swichi ikalegea. Mwishowe akaja fundi. Alisimama uani, mikono mfukoni, akatazama paa, akahukumu: "Hii ni baridi, mzee. Kitale imezidi kwa hizi mashine." Ngazi hakuigusa. Bei ya mashine mpya aliitaja haraka sana.

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Kibandiko cha mashine kinasema itavumilia hadi digrii 30 chini ya sifuri. Baridi hiyo hata Wagagai, kilele cha Mlima Elgon chenye mita 4,321, haiijui! Kitale iko kwenye mita 1,900 hivi, Bungoma 1,400 hivi. Ukipanda mita 1,000 joto hushuka digrii 6 na kitu, kwa hiyo kati yangu na shemeji pana digrii 3. Digrii 3! Hata sweta huvai kwa tofauti hiyo. Tena waya wa shaba hupitisha umeme vizuri zaidi ukiwa baridi. Kwa hesabu za vitabuni, mwenye haki ya kulalamika ni mtu wa Bungoma.

Nikaishusha mashine, nikapanda nayo matatu: Kiminini, Kamukuywa, Webuye, kisanduku mapajani, kondakta akinitazama kwa jicho la kutaka nauli ya mizigo. Tukaifunga kwa shemeji, kwa kebo yake na adapta yake. Ikafanya kazi usiku kucha, na alfajiri taa ya kijani ilikuwa macho. Shemeji alisherehekea ungedhani ameiunda yeye. Sikumjibu, maana alikuwa amenifanyia kazi ya fundi bure: mashine ni nzima, mgonjwa yuko kati ya vile vilivyobaki Kitale. Adapta yangu hukaa sebuleni karibu na televisheni, baridi inaisikia redioni tu. Imebaki kebo.

Chini ya ukingo wa paa nikakuta mahali ambapo waliofunga mitambo hiyo waliunganisha vipande viwili vya kebo na kuvifunika kwa mfuko wa plastiki, ile mifuko iliyopigwa marufuku nchini Agosti 2017. Ndani, shaba imeota kutu ya kijani. Kebo hiyohiyo inayobeba mtandao ndiyo inayopandisha umeme wa volti 24 hadi kwenye antena. Usiku mbingu zikiwa wazi, mabati hupoa kuliko hewa yenyewe, mvuke unageuka umande, na ule mfuko unayafuga maji badala ya kuyazuia. Umeme unavuja njiani, antena inakosa nguvu, inazima. Saa nne jua linakausha. Bungoma nako umande upo, ila kebo ya shemeji ni kipande kimoja, na imeachiwa kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu ili maji yadondoke kabla ya kuingia.

Dukani nikataka kebo nyeusi ya nje, ya shaba. Muuzaji akanipa ya alumini iliyopakwa shaba juu. "Ni ileile, mzee." Si ileile. Ukinzani wa alumini ni kama mara 1.6 ya ule wa shaba, na kwenye volti 24 huna za kutupa. Kwangua ncha kwa kisu: ikitoa weupe, mrudishie mwenyewe.

Nikafunga ya shaba, kipande kimoja, na sasa mtandao unaamka kabla yangu. Shemeji anatangaza kwamba mashine iliponywa na hewa ya Bungoma, na familia yote imemwamini.

Nawe uliye Kapenguria, Kapsokwony au hapa mjini, ambaye mtandao wako unangoja jua, tafadhali usinunue mashine mpya kabla fundi hajapanda ngazi na kukuonyesha ncha ya kebo ya zamani.