Sifa Njema za Chemba Isiyo na Mfuniko

Mtumishi wa umma husifiwa siku ya kumuaga, wakati hawezi tena kutusaidia wala kutukwaza. Mimi naomba kumsifu mmoja angali kazini: chemba isiyo na mfuniko, kando ya barabara ya mtaani kwetu hapa Dar es Salaam.

Haikosi kazini. Jogoo hajawika, ipo kituoni. Umeme umekatika usiku wa manane, ipo. Haijawahi kwenda semina Dodoma, wala kutoka mara moja ikaacha koti kwenye kiti. Hakuna aliyeifuata akaambiwa mkubwa yupo kikaoni, njoo kesho. Haidai kitambulisho wala barua ya serikali ya mtaa. Humpokea bosi mwenye kiatu cha kung'aa, mama ntilie na masufuria yake, mwanafunzi anayewahi daladala. Wote bila foleni, bila kuomba ya soda. Na masika, maji yanapofurika usijue lami ni ipi na mtaro ni upi, watumishi wengine hubaki nyumbani. Yenyewe hubaki palepale, chini ya maji, ikimngoja mwananchi.

Sifa ndogondogo nizitaje harakaharaka: hutunza taka, hulea mbu, hutufundisha kutembea tumeinamisha vichwa.

Mfuniko wake wa chuma ulishakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alama ya hatari iliyopo ni tawi la mwarobaini lenye kitambaa chekundu, na aliyelichomeka ni muuza mahindi ya kuchoma, si ofisi yoyote.

Muuza maandazi wetu aliingia mguu mmoja, akatoka na kifundo kilichovunjika. Ofisi ya kwanza ilimwambia barabara si yao. Ya pili ikasema barabara ni yao, chemba si yao. Ya tatu ikakiri chemba ni yao, ila mfuniko uliibwa, basi amtafute mwizi.

Akitaka kushtaki, Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali inamtaka atoe kwanza notisi ya siku 90, kisha amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwenye kesi. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, halmashauri nazo zina heshima hiyo. Kwa hiyo shimo la uchochoroni lina mtetezi mwenye cheo kuliko mawakili wote nchini, na mama wa maandazi ana magongo ya kuazima. Siku 90 za nini? Ati wakubwa wajiandae! Mguu wake nani aliupa notisi?

Mfuniko wa zege ni nondo chache, saruji kidogo na fundi mmoja. Shimo halina kosa, halikujiajiri. Wenye kosa ni wanaolipwa mshahara walifunike. Waheshimiwa, siku 90 zinatosha kufunika chemba za mtaa mzima. Notisi ikiwafikia, funikeni kwanza. Ya mahakamani yatafuata.