Mshenga wa Samaki: Madhila ya Kuzalisha Samaki wa Tanganyika Sebuleni

Miongoni mwa kazi za nyumbani zinazohitaji subira, elimu na familia yenye uvumilivu, kuzalisha samaki wa Ziwa Tanganyika ndani ya tangi la kioo kunastahili nafasi ya juu, hasa kunapofanyika Ujiji au Kigoma mjini, ambako ziwa lenyewe liko mwendo wa miguu na samaki hao wamo humo bure. Ziwa hilo, lenye kina cha takriban mita 1,470 na linalomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, lina aina zipatazo 250 za sikilidi, yaani samaki wa ukoo mmoja na perege na sato, na karibu zote hazipatikani kwingineko duniani. Kwa mkazi wa pwani hiyo, hata hivyo, samaki ni dagaa, migebuka, sangala na kuhe, na chochote kingine chenye mapezi kisichotosha kuwa mboga huachiwa watoto wachezee. Ndiyo maana swali la kwanza la mgeni anayeoneshwa tangi sebuleni halihusu jina la samaki wala rangi zake, bali lini wataliwa.

Ughaibuni mambo ni kinyume. Tangu miaka ya 1970, wakati Mbelgiji Pierre Brichard alipokuwa akiwakusanya na kuwasafirisha wakiwa hai kutoka Bujumbura, samaki hawa wamepata wapenzi wengi Ulaya na Marekani, kiasi kwamba mfugaji wa Ujerumani asiyeweza kuuonesha Mkoa wa Kigoma kwenye ramani huyataja majina ya Maswa, Ikola, Kipili na Kasanga kama aliyezaliwa huko, kwa sababu samaki wa kila pwani wana rangi zao na hubeba jina la kijiji walikovuliwa. (Maswa inayokusudiwa iko ufukweni, kusini mwa Kigoma, wala si ile ya Simiyu, ambako mtafuta samaki angeambulia pamba.) Mjerumani huyo hununua chumvi za pakiti ili maji yake ya bomba yawe na magadi kama ya Tanganyika, ambayo kipimo chake cha pH, yaani kipimo cha tindikali na magadi, hukaribia 9, ilhali mwenzake wa Ujiji huchukua ndoo, akateremka ufukweni na kurudi nayo kichwani.

Neema hiyo ina mtego wake. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na kadiri maji yanavyozidi kuwa ya magadi ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo inavyokuwa sumu, hivyo uzembe ambao samaki wa maji ya kawaida wangeuvumilia kwa wiki nzima huweza kuwamaliza wa Tanganyika kwa siku chache. Kinachowaokoa ni bakteria wanaoota kwenye mawe na ndani ya chujio na kuigeuza amonia kuwa kitu chenye madhara madogo, na bakteria hao huhitaji majuma kadhaa kuenea. Elimu hii kwa kawaida haimfikii shemeji ambaye, mkesha wa Idi, huamua kusaidia usafi wa nyumba kwa kutoa mawe yote, kuyasugua kwa sabuni ya unga, kuliosha chujio kwa maji ya bomba yenye klorini na kulirudisha likinukia vizuri. Hakuna lugha ya heshima inayotosha kumweleza mtu wa aina hiyo alichokitenda, hasa kama ndiye aliyeleta mbuzi wa sikukuu.

Ugumu mkubwa zaidi, lakini, uko kwenye ndoa. Mfugaji anayeanza hujiona kuwa mshenga, ambaye kazi yake ni kumchagua bwana harusi, kumtafutia mchumba, kuwaweka chumba kimoja na kungoja wajukuu. Kwa Tropheus, samaki wa miambani anayekwangua mwani kwenye mawe, mpango huo huharibika katika hatua ya kwanza kabisa, kwa kuwa dume na jike hufanana mno, na njia ya kuaminika ya kuwatofautisha ni kumpindua samaki kwenye kiganja chenye maji na kulichunguza tundu lake la uzazi kwa karibu, jambo ambalo samaki hulipinga kwa nguvu zake zote na ambalo ni vigumu kumfafanulia mama mkwe aliyeingia wakati huo huo. Matokeo ya mara kwa mara ni madume wawili kuozwa.

Hapo ndipo linapodhihirika jambo ambalo vitabu vya ufugaji hulieleza kwa upole kupita kiasi, kwamba ndoa nyingi za samaki huvunjika kwa kukosa mahali pa kukimbilia kuliko kwa ubaya wa tabia. Ziwani aliyeshindwa huogelea hadi nyuma ya jiwe la pili, na ugomvi ukaishia hapo. Ndani ya tangi la mita moja jiwe la pili halipo. Dalili hazibadiliki: samaki hujibanza kwenye kona ya juu nyuma ya bomba la chujio, kichwa juu, mapezi yamekunjwa, mkia uliochanikachanika ukining'inia, na hashuki hata chakula kinapomwagwa mbele yake. Mshenga anayeiona hali hiyo jioni na kusema ataishughulikia kesho hana cha kushughulikia kesho, kwa sababu njia pekee iliyosalia ilikuwa kuruka nje, na paka wa Ujiji hawahitaji mafunzo kuutambua mlio wa samaki aliyedondoka sakafuni. Dawa iliyozoeleka haiendani na akili ya kawaida, kwa kuwa badala ya kuwapunguza, mfugaji huwaongeza hadi kumi na tano au ishirini, ili mkorofi ashindwe kumchagua mmoja wa kumwonea na vipigo vigawanywe kwa haki.

Ndoa ikikubali, jike hutaga mayai machache, makubwa, na kuyaokota mara moja kinywani, akayaatamia humo na kuwalea watoto kwa takriban wiki nne. Mashavu hutuna, kidevu hushuka, na katika nyumba yenye bibi mwenye huruma utambuzi wa maradhi hutolewa papo hapo: samaki huyu ana njaa. Bibi huchukua dagaa, huwatwanga na kuwanyunyiza kwa baraka zote, bila kujua kwamba utumbo wa Tropheus ni mrefu kwa ajili ya kusaga mwani, na kwamba chakula chenye protini nyingi huweza kumletea ugonjwa wa kuvimba tumbo unaofagia kundi zima. Mama mwenyewe huwa hadhuriki sana na karamu hiyo, maana kinywa chake kimejaa. Wanaoumia ni mashangazi na wajomba.

Balaa la ajabu kuliko yote humpata mfugaji aliyevutiwa na uzuri wa Synodontis multipunctatus, kambare mdogo mwenye madoa, akamweka tangi moja na sikilidi wanaoatamia kinywani. Kambare hawa hujitosa katikati ya sikilidi wanaotaga, hula baadhi ya mayai na kuacha ya kwao, na mama, kwa haraka ya kuokota, huyazoa yote. Mtafiti wa Kijapani Tetsu Sato alieleza mwaka 1986 kinachofuata: watoto wa kambare huanguliwa mapema zaidi, na humo humo kinywani huwala watoto wa mwenye kinywa. Mfugaji aliyewaalika majirani kushuhudia mama akiwaachia wanawe huwaona wakitoka kambare wenye masharubu, na maswali yanayoulizwa na majirani kuhusu uaminifu wa yule dume hayana nafasi katika maandishi haya.

Wapo wanaokimbilia samaki wa makombe wakidhani watapumzika. Makombe hayo ni nyumba tupu za konokono wa ziwani. Dume wa Lamprologus callipterus, ambaye uzito wake huweza kuzidi wa jike zaidi ya mara 12, hukusanya makombe kwa mdomo na kuyarundika pamoja, na wake zake wadogo huingia humo kutaga. Hana haya ya kubeba kombe la jirani pamoja na mkazi wake. Mama mwenye nyumba aliyetumia Jumamosi nzima kuyapanga makombe kwa mstari, makubwa nyuma na madogo mbele, huyakuta Jumapili yamefanywa lundo kwenye kona iliyo mbali kabisa na macho ya wageni, na akiyapanga upya hurundikwa upya, hadi mmoja kati yao achoke, naye kwa kawaida si samaki.

Kuhusu kukatika kwa umeme yatosha kusema kwamba pampu ya hewa huzimika, na kwamba saa nane za usiku mfugaji huketi kitini akiteka maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yachanganyike na hewa, huku nyumba nzima, kwa kuyasikia, ikiamka kwenda msalani kwa zamu.

Wapo pia wanaofanikiwa, na hao ndio wa kuonewa huruma zaidi. Neolamprologus brichardi, aliyepewa jina hilo mwaka 1974 kwa heshima ya Brichard yule yule, hujichagulia mwenzi bila mshenga, huwafukuza wengine wote, kisha huzaa mfululizo. Watoto wa kwanza hawaondoki nyumbani bali hubaki kulinda wadogo zao, na hao nao wakikua huwalinda wanaofuata, mpaka tangi lijae ukoo mmoja wa kila rika unaomuuma mkono anayeleta chakula. Kuwala hakuna maana, kwa kuwa ishirini hawatoi mchuzi. Kuwamwaga ziwani hakufai, maana waliochanganywa damu za pwani mbalimbali wataharibu tofauti ambazo ziwa limezijenga kwa muda mrefu mno. Hubaki kuwagawa, na jirani wa Mwanga, Kigoma mjini, aliyepewa jozi moja kwa bashasha huonekana mlangoni baada ya miezi kadhaa, ameshika ndoo yenye kifuniko, akisema kwamba amekuja kurudisha fadhila.