Vyumba Vinne na Msimu wa Senene

Baba alipofariki alituachia kibanja chenye migomba, mibuni na makaburi ya babu zetu. Mama alikitunza vizuri. Majani yalitandikwa, mibuni ilipogolewa, na hakuna mgomba uliolala chini bila kutegemezwa. Lakini kahawa humlipa mkulima kwa msimu, ndizi tulizila wenyewe, na ada ya shule ilidaiwa kila muhula. Ndipo akaanza kuzungumzia vyumba vya kupanga. Kijijini kwetu Rubafu walikuwa wakija walimu waliohamishwa kutoka mikoa ya mbali, wahudumu wa zahanati, na wachuuzi wa dagaa waliotaka kulala karibu na ziwa. Mama aliwaona wakihangaika nyumba kwa nyumba kutafuta hata chumba kimoja chenye mlango wake.

Kaka yangu aliyeko Mwanza alikubali kuchangia mabati. Kikwazo kilikuwa baba mdogo.

"Shemeji," alisema, amesimama palepale Mama alipotaka kujenga, "hapa unang'oa migomba ya ukoo. Leo unamweka mpangaji, kesho mtoto wa mpangaji anasema amezaliwa hapa."

Wengine walimwona mkorofi. Mimi naona alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa sisi Wahaya, anayelima kibanja hana neno la mwisho juu yake peke yake. Hata sheria ya mila iliyotangazwa na serikali mwaka 1963 iliandika kwamba mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila asiiuze. Shangazi, aliyeolewa Muleba, alikuja na hoja yake. Alimkumbusha baba mdogo kesi ya Holaria Pastory, mwanamke aliyerithi shamba la baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988 kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake alimshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume, huku akiwaachia wanaukoo nafasi ya kulikomboa shamba kwa kurudisha fedha zile zile.

"Huyo alikuwa binti wa ukoo," baba mdogo akajibu. "Shemeji yangu ni mjane."

"Na hauzi," shangazi akasema. "Anapangisha."

Walikaa barazani mchana kutwa. Mwishowe vyumba vilihamishiwa ukingoni, kibanja kinapokutana na rweya, palipo na nyasi tupu na barabara iko jirani. Karatasi iliandikwa: ardhi inabaki ya watoto wa marehemu, kodi ni ya Mama maadamu yu hai, na hakuna chumba kitakachouzwa. Baba mdogo akasaini, shangazi akasaini, mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia. Anayetaka kujenga vya kupangisha kwenye ardhi ya ukoo na apate karatasi ya namna hii kabla fundi hajachimba msingi. Nimeona nyumba nzuri zikibaki na kuta bila paa kwa sababu mazungumzo yalianza matofali yakiwa tayari yamepanda.

Ujenzi wenyewe hauna mengi. Fundi alitaka kuruka mkanda wa zege juu ya madirisha ili kupunguza nondo, Mama akakataa katakata. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi za Kagera, na Mama hakutaka mtoto wa mtu alale chini ya ukuta usiofungwa. Vilikuwa vyumba vinne kwa mstari, choo nyuma, na umeme uliovutwa kutoka nyumba kubwa. Mita ilikuwa moja kwa wote, na tulikubaliana kuchangia LUKU kwa zamu.

Wapangaji walikuja upesi. Mwalimu mmoja mwenye mtoto mchanga alichukua chumba cha kwanza, mhudumu wa zahanati cha pili, na kijana mchuuzi wa dagaa cha mwisho. Cha tatu kilibaki wazi, kwa kuwa mlango wake ulikuwa bado haujafika. Kila mmoja alilipa miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi. Mama alizishika zile fedha kwa mikono miwili, akazipeleka moja kwa moja kwenye plasta na paa la choo. Mabati ya paa hilo yalilazwa nyuma ya nyumba yakimsubiri fundi.

Novemba ikaingia, na mvua, na senene, wale panzi wetu wa kuliwa.

Kijana alikuja kwa heshima zote. "Mama, naomba nitege hapo nyuma. Mahali penyewe pazuri, hapana miti."

Mama alimruhusu kwa moyo mweupe. Nani wa Bukoba humnyima mtu mahali pa kutegea senene? Jioni ile akaleta mapipa na taa kali mbili za kutegea. Mabati hakuwa nayo ya kutosha, akachukua yale ya choo, akayasimamisha kwa misumari na nguzo.

Usiku ule sitausahau. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, mwezi haukuwepo, na taa zilipowaka rweya nzima ilikuwa nyeupe. Senene walishuka kwa maelfu, wakigonga mabati na kuteleza ndani ya mapipa, sauti yao ikijaza uwanja. Watoto wa kijiji walikuja na chupa na vyandarua vilivyochakaa. Kina mama walikaa chini wakinyonyoa mbawa huku wakisimuliana. Furaha ilikuwa ya kweli. Lakini kwenye mwanga huja pia vile vijidudu vyekundu na vyeusi vinavyounguza ngozi, na dirisha la mwalimu lilikuwa halijafungwa wavu.

Kabla ya alfajiri mita ililia, kisha giza likaingia vyumba vyote na nyumba kubwa pia. Mwalimu alikuwa ameweka umeme wa shilingi 10,000 jioni ile ile, na meza yake ilikuwa imejaa mitihani ya kufunga mwaka. Mtoto aliamka na ngozi nyekundu shingoni. Mhudumu wa zahanati alirudi kutoka zamu ya usiku, akajikwaa kwenye pipa. Kulipopambazuka tukaona mabati ya choo yametobolewa kila pembe.

Mwalimu alimwambia Mama, bila kupandisha sauti, kwamba anahama na anaomba kodi ya miezi iliyobaki.

"Mwalimu," Mama akasema, "fedha yako imo kwenye plasta ya ukuta huo. Sitakudanganya. Nipe muda."

Baba mdogo ndiye aliyeitisha kikao. Alikalia kigoda mbele ya vyumba alivyovipinga, akamwita kijana.

"Mwanangu, ulipomwendea mama yako huyu, uliomba nini?"

"Niliomba mahali, baba."

"Uliomba umeme?"

"Hapana, baba."

"Uliomba mabati?"

Kijana akainamisha kichwa. "Hapana."

"Basi ulipewa mahali. Vingine vyote ulikopa. Mkopo unalipwa."

Kijana aliwauza senene wake Bukoba mjini na akarudi na fedha zote, jambo linalonifanya nimheshimu hadi leo. Zilitosha kurudisha umeme, kununua mabati mengine na kufunga mita ndogo kwa kila chumba. Baba mdogo aliongeza wavu wa madirisha kutoka kwenye fedha yake ya kahawa, wala hakutaka iandikwe kama deni. Mtoto alitibiwa zahanati, malengelenge yaliyomtoka shingoni yakakauka. Mwalimu alipoona mita yenye namba ya chumba chake, akafungua mizigo.

Mama naye alibadilisha hesabu. Siku hizi kodi ya miezi sita inaingia kwenye akaunti, na anatoa fungu la mwezi mmoja tu, mwezi huo ukishakwisha. Fedha ya miezi ambayo mpangaji hajaiishi anaihesabu bado kuwa ya mpangaji. Daftari ninaliandika mimi, na kila ukurasa una safu ya "tayari" na safu ya "bado".

Tuliandika pia mkataba mpya. Kipengele cha senene kilichukua jioni nzima. Taa ziwe kwenye mita ya mtegaji, mabati yawe yake, mtego ukae mbali na madirisha, na ndoo ya kwanza igawiwe majirani waliokosa usingizi. Kijana alilalamika kwamba ndoo nzima ni kubwa mno kwa usiku wenye senene wachache. Mwalimu akasema nusu ndoo inamtosha, ila wawe wamekwisha kunyonyolewa. Mama akaandika nusu, wote wakasaini.